Mmea umekwenda kombo: fuata safari ya homoni kabla ya kuongeza mbolea

Mmea ukianza kuonyesha umbo lisilo la kawaida, wengi huuliza umekosa nini. Huongeza mbolea, huongeza maji, hununua chupa ya vichocheo. Mara nyingi jibu haliko huko. Homoni, yaani kemikali inayobeba ujumbe ndani ya mmea, ipo ya kutosha, ila haikufika ilikotakiwa, au imelundikana mahali ilipotakiwa kupita tu, au chanzo chake kimekufa. Umbo la mmea hutegemea sana ujumbe unaopitishwa seli kwa seli na kupitia mishipa ya maji na ya sukari. Kwa hiyo dalili zilizo hapa chini nimezipanga kwa kufuata safari hiyo, na kwa kila moja nimeeleza jinsi ya kuhakiki kabla hujagusa kitu.

Njia zenyewe, kwa ufupi

Homoni itakayotajwa zaidi ni oksini. Ile ya asili iliyo maarufu ni asidi ya indoli-asetiki, na hutengenezwa hasa kwenye ncha za machipukizi, majani machanga na mbegu zinazokua. Sehemu yake husafiri haraka pamoja na sukari ndani ya floemu, yaani mishipa ya sukari. Sehemu nyingine, ambayo ndiyo inayochonga umbo, hupita seli hadi seli kwa mwendo wa takriban sentimita 1 kwa saa, tena kwa upande mmoja tu: kutoka ncha ya shina kushuka mizizini.

Kwa nini upande mmoja? Ukuta wa seli una uchachu wa pH 5.5 hivi. Katika uchachu huo kama asilimia 15 ya oksini haina chaji, na molekuli isiyo na chaji hupenya utando wa seli yenyewe. Nyingine huingizwa na protini kama AUX1. Ndani ya seli uchachu ni mdogo zaidi, pH karibu 7, na hapo inayobaki bila chaji ni chini ya asilimia 1. Sasa oksini imenaswa. Ili itoke inahitaji milango ya protini, na muhimu zaidi ni za jamii ya PIN. Milango hii haitawanyiki pande zote za seli. Kwenye shina hukusanyika upande wa chini, hivyo kila seli hupokea kwa juu na kutoa kwa chini. Watafiti Rubery na Sheldrake mwaka 1974, kisha Raven mwaka 1975, walieleza utaratibu huu kwa hesabu za kemia kabla hata protini zenyewe hazijaonekana. Jeni ya PIN1 ilitambuliwa mwaka 1998 katika mmea mdogo wa Arabidopsis. Jeni hiyo ikiharibika, shina la maua husimama uchi, karibu bila ua hata moja, kwa sababu oksini haikusanyiki pale ambapo ua lingeanzia.

Homoni nyingine zina barabara zake. Sitokinini nyingi hupanda kutoka mizizini ndani ya maji ya zailemu, yaani mishipa ya maji. Strigolaktoni nazo hupanda kutoka chini. Ethilini ni gesi na hupenya popote, lakini malighafi yake, iitwayo ACC, husafiri ndani ya maji kama mzigo wowote ule.

Jambo moja la kushika kabla hatujaendelea: kiasi kilekile cha oksini kinachorefusha shina kinaweza kusimamisha mzizi. Kwa hiyo "homoni nyingi" au "homoni kidogo" ni maneno yasiyo na maana mpaka useme ni wapi.

Majani ya nyanya yameinama, lakini si laini

Naanza na hii kwa sababu ndiyo dalili inayosomwa vibaya zaidi, na dawa inayotolewa kwa haraka, yaani maji, ndiyo inayouumiza mmea.

Shika jani. Likiwa limelegea na jepesi mkononi, mmea umekosa maji, au una ugonjwa wa mnyauko unaoziba mishipa. Likiwa gumu, limejaa maji, na kikonyo ndicho kilichojipinda kuelekea chini kwa sababu upande wake wa juu umekua kuliko wa chini, acha ndoo chini na uchimbe udongo karibu na mizizi. Uwezekano mkubwa utakuta tope na harufu ya uvundo.

Kinachotokea ni hiki. Mzizi uliozama majini hukosa oksijeni. Unaendelea kutengeneza ACC, lakini hatua ya mwisho ya kuigeuza ACC kuwa ethilini inadai oksijeni, kwa hiyo ACC inarundikana mizizini na kupanda na maji hadi majanini. Huko oksijeni ipo tele. ACC inageuka ethilini ndani ya kikonyo, na seli za upande wa juu zinarefuka. Bradford na Yang walilithibitisha hili kwa nyanya mwaka 1980 walipopima ACC ndani ya maji ya zailemu ya mimea iliyofurikwa. Dalili iko juu, kisababishi kiko chini, na kinachoviunganisha ni mzigo uliosafiri.

Hatua za kuchukua ni chache: simamisha umwagiliaji, fungua mifereji, legeza udongo ulioshikana bila kukata mizizi, na msimu ujao panda kwenye tuta. Usitie naitrojeni kwenye mizizi isiyopumua. Vikonyo vilivyokwisha pinda vinaweza visinyooke tena, hivyo usipime mafanikio kwa majani hayo. Tazama majani yatakayotoka baadaye.

Udongo ukiwa mkavu na majani yameinama vilevile, geukia hewa. Je, mmea uko ndani ya jengo lenye hita ya mafuta, moshi, au matunda yanayoiva? Neljubov aligundua mwaka 1901 kwamba miche ya njegere iliyokuwa ikikua kwa kupinda maabarani ilikuwa ikiathiriwa na ethilini iliyomo ndani ya gesi ya taa. Fungua madirisha kwa siku kadhaa kabla ya kubadilisha kitu kingine.

Matawi yamefumuka pembeni, na hakuna aliyekata ncha

Ncha iliyo hai hutuma oksini chini ya shina, na mtiririko huo huyazuia macho yaliyo kwenye makwapa ya majani. Thimann na Skoog walionyesha hili katika miaka ya 1930: ukiondoa ncha, macho yanaamka, ukiweka oksini juu ya kisiki, yanalala tena. Ajabu ni kwamba oksini hiyo haiingii ndani ya jicho. Jicho, ili lichipue, linatakiwa kutoa oksini yake lenyewe na kuimwaga kwenye shina kuu. Shina likiwa limejaa oksini ya ncha, jicho halina pa kumwagia, na linabaki limelala. Strigolaktoni zinazopanda kutoka chini huukaza mzuio huo, sitokinini huulegeza.

Kuna kipande cha pili ambacho maelezo mengi ya zamani yanakiacha. Utafiti wa njegere uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa macho ya chini huanza kuvimba saa chache tu baada ya ncha kukatwa, kabla upungufu wa oksini, kwa mwendo wake wa polepole, haujawafikia. Kinachowahi kufika ni sukari, ambayo ncha ilikuwa ikiivuta na sasa haina mlaji. Kwa hiyo mmea dhaifu usio na sukari hauchipui vizuri hata ukiukata ncha kwa ustadi.

Basi chunguza ncha kwa lenzi. Kama imetobolewa au ina kinyesi cha wadudu, kisababishi umekiona. Kama imekufa yenyewe, na majani machanga chini yake ni mazito na yanavunjika kwa urahisi, shuku upungufu wa boroni. Kingo za majani machanga zikifa kwanza, shuku kalisi. Ncha ikiwa hai lakini majani ni madogo mno na pingili ni fupi kiasi kwamba majani yamesongamana, fikiria zinki. Zinki ikipungua, oksini hupungua pamoja nayo, jambo ambalo Skoog alilionyesha mwaka 1940 kwa nyanya. Na ukikuta mashina mengi membamba yenye vijani hafifu, na maua yaliyogeuka kijani, huo si upungufu wa kitu chochote. Ni fitoplazima, vijidudu wanaoishi ndani ya floemu na kuenezwa na wadudu wafyonzaji. Ng'oa mmea huo uuondoe shambani.

Na kinyume chake? Umekata ncha na hakuna kinachofumuka. Kwanza tazama kama jicho moja tu la juu ndilo lililoamka. Hilo ni jambo la kawaida kabisa: jicho hilo limekuwa ncha mpya na linatuma oksini yake chini kuwazuia wenzake. Ukitaka matawi mengi, usirudie kukata tu. Laza tawi karibu na mlalo na ufunge. Macho ya upande wa juu wa tawi lililolazwa yataamka moja baada ya jingine.

Pili, tazama kivuli. Mwanga uliopita kwenye majani ya jirani hupoteza wekundu wa kawaida na kubaki na wekundu wa mbali, na mmea ukipokea mwanga huo huyaacha macho yamelala. Tatu, pima fosforasi. Mzizi wenye njaa ya fosforasi hutengeneza strigolaktoni nyingi zaidi, na matawi hupungua. Hapa mbolea ni jibu la kweli, tofauti na sehemu nyingi za mwongozo huu. (Strigolaktoni hizohizo huvuja nje ya mzizi na kuwaita kuvu wa mikoriza waje kusaidia kutafuta fosforasi. Kwa bahati mbaya mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, nazo zimejifunza kuisikia sauti hiyo, na ndivyo kemikali hii ilivyotambuliwa mara ya kwanza mwaka 1966. Shamba lenye njaa ya fosforasi na lenye kiduha lina tatizo moja lenye nyuso mbili.)

Kipandikizi hakitoi mizizi

Kabla ya kununua unga wa kuotesha mizizi, jibu swali ambalo watu huona aibu kuliuliza: kimesimama upande gani? Kipande cha tawi kisicho na majani ni rahisi kukipanda kichwa chini. Milango ya PIN haigeuki kwa sababu wewe umegeuza kijiti. Oksini itaendelea kwenda kwenye ule mwisho uliokuwa karibu na mizizi ya mama, na mizizi itajaribu kutoka huko, juu hewani, ambako itakauka. Dawa ni mazoea ya mkono wakati wa kukata: mwisho wa chini kata mshazari, wa juu kata mkato ulionyooka, na usivunje kanuni hiyo hata siku moja.

Kama upande ni sahihi, tazama chanzo. Kipandikizi kilichovuliwa majani yote na macho yote hakina pa kutengenezea oksini wala sukari ya kulea mizizi. Kwa mimea ya kijani acha majani mawili hivi, ukiyapunguza nusu kama yanapoteza maji. Kilichochukuliwa kutoka tawi lenye maua nacho ni kigumu, na mti mzee hutoa vipandikizi vigumu kuliko mti mchanga. Hapo unaweza kukata shina la mama karibu na ardhi, ukasubiri machipukizi mapya, ndipo uchukue hayo.

Kisha hakiki kipimo. Dawa nyingi za kuotesha mizizi hutumia asidi ya indoli-butiriki, inayodumu kuliko oksini ya asili. Kipimo kikizidi, mwisho wa chini huwa mweusi na kuoza, au hutoa uvimbe mweupe wa seli laini usiotoa mzizi hata mmoja, na macho ya juu hukataa kufunguka. Watu wakiona hivyo huongeza dawa. Naomba ufanye kinyume: panda vingine vichache bila dawa kabisa, vingine kwa nusu ya kipimo, uone. Mimea mingi laini haihitaji unga wowote, kwa sababu usafirishaji wake wenyewe unatosha kulundika oksini pale chini.

Kuna tatizo jingine linalojificha mpaka mwaka umepita. Kipandikizi kimeota mizizi vizuri, kina afya, lakini kinakua kwa kulala badala ya kusimama. Mbuni, yaani mti wa kahawa, ni mfano mzuri. Ukichukua tawi la pembeni la mbuni, mche utaendelea kuwa tawi la pembeni maisha yake yote, hata ukiufunga kwenye mti. Tawi lina kumbukumbu ya nafasi yake. Hakuna kupogoa kutakakoirekebisha. Anza upya kwa chipukizi lililokua wima.

Majani mapya yamejisokota, ya zamani ni mazima

Mstari huo wa juu ndio kipimo chenyewe. Angalia jani gani limeharibika. Dawa za magugu za jamii ya oksini, kama 2,4-D na dikamba, zikigusa mmea hubebwa na floemu pamoja na sukari hadi kwenye sehemu zinazokua. Jani lililokwisha komaa hubaki na umbo lake. Jani lililokuwa bado kwenye ncha hutoka likiwa jembamba, mishipa yake imesogeleana na kukimbia sambamba, kingo zimejikunja. Shina changa hujipinda na wakati mwingine hupasuka.

2,4-D inaingia ndani ya seli kwa mlango uleule wa AUX1, lakini milango ya PIN haiitoi vizuri, na mmea hauna uwezo wa kuivunja haraka kama unavyoivunja oksini ya asili. Imeingia, haitoki, haifi. Seli inapokea amri ya kukua bila kukoma, na ethilini hupanda juu yake. Nyasi na nafaka huivumilia zaidi, ndiyo sababu hutumika kwenye mashamba ya nafaka, na ndiyo sababu pia nyanya, pamba na mizabibu ya jirani huumia upepo ukivuma.

Usihukumu haraka, kwa maana virusi na utitiri hutoa sura inayofanana. Ramani ya shamba itakusaidia kuliko picha ya jani moja. Virusi huanza kwa mmea mmoja hapa na mwingine pale, mara nyingi na mabaka ya kijani na njano. Utitiri mpana huacha upande wa chini wa majani machanga ukiwa na rangi ya shaba na makovu, na lenzi nzuri itawaonyesha. Dawa ya magugu hufuata upepo au ukingo wa shamba, huzidi upande mmoja na kufifia upande wa pili, na hugusa mimea ya jamii tofauti kwa wakati mmoja. Ukikuta nyanya, maharagwe na magugu ya majani mapana yote yamejikunja huku nyasi zilizo katikati yao ni nzima, umepata jibu.

Kama hakuna aliyepulizia karibu, uliza habari za bomba la dawa. Bomba lililobeba dawa ya magugu likasuuzwa mara moja kisha likabeba dawa ya wadudu linaweza kuharibu shamba zima. Tenga bomba la magugu na usilitumie kwa kitu kingine. Kisha uliza habari za samadi na mboji. Klopiralidi na aminopiralidi, dawa za magugu zinazopuliziwa malisho, hupita tumboni mwa mnyama bila kuvunjika, hutoka kwenye kinyesi na mkojo, na hudumu hata baada ya samadi kuoza. Mkulima anaweka kitu kizuri kabisa, na mimea inajikunja.

Jaribio la kuhakiki ni rahisi na ningependa kila anayenunua samadi alifanye. Changanya samadi hiyo na udongo safi, weka kwenye vyungu vitatu; jaza vingine vitatu kwa udongo safi peke yake. Panda maharagwe kwenye vyote, viweke mbali kidogo ili maji ya kimoja yasiingie kingine, na subiri wiki mbili hadi tatu, mpaka majani ya pili na ya tatu yafunguke. Majani ya samadi yakijikunja na ya udongo safi yakawa sawa, usiiweke samadi hiyo kwenye bustani ya majani mapana na usimpe mwenzako. Kama imeshaingia shambani, panda mahindi au nyasi hapo, geuza udongo mara kwa mara ili vijidudu wapate hewa ya kuivunja dawa, na urudie jaribio la maharagwe kabla ya kurudisha mboga.

Tawi limevimba juu ya kamba na linachipua chini yake

Hapa njia imekatwa kwa macho kabisa. Kamba, waya au kibandiko kilichosahauliwa kimekaba gome, na ndani ya gome na tabaka lililo chini yake ndimo sukari na oksini zinamoshukia. Maji bado yanapanda kwa sababu zailemu iko ndani zaidi, kwa hiyo tawi halinyauki, na mwenye mti haoni haraka. Juu ya kizuizi oksini na sukari vinalundikana: uvimbe, pengine vijizizi, majani yanayogeuka mekundu mapema. Chini ya kizuizi macho yaliyokuwa yamezuiwa hayasikii tena ncha, yanachipua.

Kata kamba mara moja. Kama gome limekatika pande zote, mizizi itakufa njaa polepole hata kama juu kunapendeza. Mti wenye thamani unaweza kuokolewa kwa kubebesha vijiti vya daraja kuvuka jeraha, ukiangalia visimame upande wao wa asili.

Mtunza miche hutumia tatizo hilohilo kwa makusudi. Anaondoa pete ya gome ya upana wa sentimita 2 hadi 3, anakwangua utelezi uliobaki, anafunika kwa kitu chenye unyevu na plastiki. Mizizi hutoka kwenye ukingo wa juu wa pete. Isipotoka, mara nyingi utelezi haukukwanguliwa vizuri na gome limejiunga tena.

Machipukizi yasiyokoma chini ya kiungo cha mti uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kijiti cha mti mwingine, ni onyo la aina hiyohiyo: kiungo hakipitishi vizuri. Tsvi Sachs alionyesha kwamba oksini inayotiririka ndiyo inayochora mishipa mipya; inapopita kwa muda, seli za njia hiyo hugeuka kuwa mishipa. Kwa hiyo kijiti kilichobebeshwa kinahitaji angalau jicho moja zima juu yake. Bila jicho hakuna mtiririko, na bila mtiririko mishipa ya pande mbili haitafutani.

Miche mirefu, iliyoegemea, iliyolala

Tenganisha mambo matatu. Miche iliyoegemea upande mmoja inafuata mwanga. Charles Darwin na mwanawe Francis walionyesha mwaka 1880 kwamba ncha ya mche wa nyasi ndiyo inayouona mwanga, ilhali kupinda hutokea chini yake. Frits Went katika miaka ya 1920 alikusanya kitu kilichokuwa kikishuka kutoka kwenye ncha ya shayiri pori (oti) akakiweka upande mmoja wa kisiki, na kisiki kikapinda. Oksini husogezwa upande wenye giza, upande huo unarefuka. Geuza trei, au leta mwanga kwa juu.

Miche iliyosimama wima lakini mirefu na dhaifu inakimbia kivuli cha jirani. Ipunguze au iachanishe. Naitrojeni itazidisha urefu.

Mahindi machanga yaliyolazwa na upepo ni jambo la tatu, na ushauri wangu ni kuyaacha. Oksini hushuka upande wa chini wa vifundo, upande huo unakua, na bua hujiinua lenyewe siku chache baadaye. Kuyainua kwa mkono hukata mizizi iliyosalimika.

Tunda limekua upande mmoja, au limeanguka

Kata tunda utazame mbegu. Kwa stroberi Nitsch alithibitisha mwaka 1950 kwamba vijitunda vikavu vilivyo juu ya ngozi ndivyo vinavyotoa oksini ya kulikuza tunda: vilipoondolewa upande mmoja, upande huo haukukua, oksini ilipopakwa, ulikua. Stroberi yenye kibyongo imekosa uchavushaji upande mmoja, kwa sababu ya baridi, mvua au uhaba wa nyuki. Rekebisha uchavushaji, si mbolea.

Kuanguka nako kuna kanuni yake. Oksini inayotoka kwenye jani au tunda hulifanya tabaka la kuachia, lililo kwenye kitako cha kikonyo, lisiisikie ethilini. Mtiririko ukipungua, tabaka linaamka na kulegea. Kata ubao wa jani ukiacha kikonyo, na baada ya siku chache kikonyo kitaanguka chenyewe.

Mimea mirefu michache katikati ya mtama mfupi

Wengi husema mbegu imechanganywa ghalani. Inawezekana, lakini kuna chanzo kingine. Mitama mingi mifupi ina jeni ya dw3 iliyoharibika, na mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba jeni hiyo, pamoja na ile ya mahindi mafupi ya br2, hutengeneza protini ya kusafirisha oksini kutoka kwenye seli, ya jamii ya ABCB. Oksini haishuki kama kawaida, na pingili za chini hubaki fupi. Uharibifu wa dw3 ni kipande cha herufi 882 za DNA kilichojirudia mara mbili, na marudio kama hayo hujifuta mara moja moja wakati kromosomu zinapobadilishana vipande. Kipande kikifutika, jeni inapona, na mmea unarefuka.

Chukua bua la mmea mrefu na la mfupi, uyaweke sambamba uhesabu pingili. Idadi ikikaribiana na tofauti ikawa hasa kwenye urefu wa pingili za chini, huku suke na majani yakifanana na ya jirani, huo ni mrejeo wa dw3, na hakuna mbolea wala dawa itakayoubadilisha. Kwenye shamba la kuvuna chakula uache. Kwenye shamba la mbegu, ung'oe kabla haujachanua, kwa sababu urefu ni sifa inayotawala na chavua yake itaupeleka kwa majirani.